Hakuna Aliyeinuka Kutunza

Usiku wa ufunguzi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Kina mama walifika mapema wakashika viti vya mbele, noti zimekunjwa viganjani. Wengine walipita dukani mchana kuvunja elfu kumi wapate elfu elfu. Mwimbaji alipanda jukwaani saa tatu na nusu. Akaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna aliyeinuka kumtunza.

Anayeijua taarabu ya Tanga anajua uzito wa jambo hilo. Mtu hatunzi sauti tu, anatunza neno. Mwanamke hukaa ametulia akisubiri ubeti unaomhusu, au unaomhusu jirani yake waliyekosana. Ubeti ukifika, huinuka, akaenda mbele taratibu kwa mwendo wa kucheza, noti ameinyanyua juu ili aliyekusudiwa aione. Hapo ukumbi mzima huelewa bila mtu kutajwa jina. Sasa kama neno halisikiki, atainuka kwa lipi?

Mwimbaji aliposhuka alinijia moja kwa moja. Hakugomba wala hakupaza sauti. Alisema, "Kaka, leo umenikatia riziki." Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mitambo.

Nina miaka 54, na kwa miaka 26 kazi yangu ni kukodisha vyombo vya muziki: spika, miksa, maiki, jenereta na waya za kutosha kuzunguka kiwanja cha mpira. Harusi, mikutano ya kampeni, mahafali ya shule, kote nimefunga mitambo. Nililelewa katika imani kwamba sauti nzuri ni sauti kubwa. Mteja akilalamika kwamba hasikii, naongeza. Akilalamika tena, naleta spika nyingine. Sikuwahi kujiuliza kama kuna mahali ambapo kuongeza ndiko kunakoharibu.

Ukumbi wetu uko Ngamiani, kwenye ile mitaa ambayo sisi watu wa Tanga huitaja kwa namba za barabara. Ulijengwa miaka ya 1950, wakati mkonge ulipokuwa ndio uhai wa mji huu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilipita katika bandari yetu. Mishahara ya mashambani ikitoka, mji ulijaa watu na watu walitaka burudani. Haikuwa ajabu kwamba mji wa kiasi hiki ulizaa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, na kwa upande wa taarabu Black Star na Lucky Star, vikundi ambamo sauti ya Shakila Said ilijulikana. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine. Pesa ilipokauka, kumbi nazo zilikauka. Wa kwetu ukawa ghala la saruji, halafu ukawa jengo lenye kufuli na popo.

Nakiri kwamba mkutano wa mtaa ulipoitishwa kujadili jengo lile, nilisimama nikapendekeza likodishwe tena kwa mfanyabiashara awe anaweka mizigo. Nilisema mbele ya watu wote, "Jengo lile halina sauti. Nimefunga mitambo mle mara mbili, najua." Vijana wa kikundi cha maigizo walinipinga. Walikuwa wakifanya mazoezi chini ya mwembe, mvua ikinyesha wanatawanyika. Walimu wa kwaya walinipinga. Bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye ujana wake ulipita katika ukumbi ule, alinipinga kuliko wote. Alisema mji usiokuwa na mahali pa watu kukaa pamoja usiku wakasikilizana, watoto wake watakwenda kusikilizana baa. Wakashinda. Ukumbi ukapatikana kwa mkataba, tukaambiwa tuufanye kituo cha sanaa cha jamii kwa michango yetu.

Nikaingia kwenye kamati. Napenda kusema niliingia kwa moyo safi, lakini ningesema uongo. Niliingia kwa sababu niliona biashara. Nikawaaminisha wenzangu kwamba kituo cha sanaa ni mitambo, mengine ni mapambo. Katika kila shilingi tatu tulizochangisha mwanzoni, mbili zilikwenda kwenye spika na vyombo vyake, na baadhi ya vyombo hivyo muuzaji alikuwa mimi. Shilingi ya tatu ilitosha rangi, taa na viti vya plastiki. Kwenye kuta tulibandika trei za mayai, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia kwamba zinazuia mwangwi. Nimejifunza baadaye kwamba trei ni karatasi nyepesi tu: hunyonya sauti nyembamba kidogo, nzito zinapita kama hazikuwekwa kitu, na zikishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha.

Hiyo ndiyo hali tuliyofungulia.

Asubuhi baada ya ufunguzi nilikwenda kufungua waya. Nilimkuta mzee mmoja amekaa peke yake katikati ya ukumbi. Ni mpiga fidla wa siku nyingi, vidole vimeanza kukakamaa, lakini sikio lake bado ni la kuogopwa. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hebu piga kofi."

Nikapiga kofi moja. Akainua kidole, akakishikilia juu muda wote sauti ilipokuwa ikizunguka, ikipanda kwenye bati, ikirudi, ikipungua, hadi ilipokufa. Ndipo akakishusha. "Umesikia?" akaniuliza. "Ulisema jengo halina sauti. Jengo hili lina sauti nyingi kuliko watu. Mtu akisema neno, ukuta nao unasema, dari nayo inasema. Sasa wewe jana ukampa mwimbaji spika, na ukuta ukaupa spika."

Nilisimama pale na koili ya waya begani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuona katika kazi yangu. Alikuwa amesema kwa maneno machache jambo ambalo miaka 26 haikunifundisha. Ukiongeza nguvu ya spika, unaongeza sauti inayomfika msikilizaji moja kwa moja, na unaongeza kwa kiasi kilekile inayogonga kuta na kurudi. Uwiano wa neno na mwangwi haubadiliki. Watu wanapata kelele zaidi, lakini neno hawalipati.

Kijana wa mtaani kwetu anayesoma usanifu wa majengo Dar es Salaam alikuwa likizo. Tulimwita. Akarekodi kofi kwa simu, akatuonyesha mchoro wake: karibu sekunde nne kabla ukimya haujarudi. Akatueleza kwamba mtu anayesema kwa kasi ya kawaida hutamka maneno mengi ndani ya sekunde nne, na yote yanaelea hewani kwa pamoja. Tena lugha yetu inaumia kwa namna yake, maana maneno yetu huishia na irabu, na irabu ndizo zenye nguvu. A ya mwisho inabaki inavuma, inafunika konsonanti ya neno linalofuata. Anapenda na anatenda vinakuwa kitu kimoja. Kwenye taarabu, ambapo mistari inafungwa kwa vina, irabu ileile inarudi kila mshororo na kuupanda mvumo wa iliyotangulia. Nilimkumbuka mwimbaji wetu. Ubeti wa kijembe ulikuwa umefika mbele ya watu kama uji.

Akatusimulia pia habari ya mtu anayeitwa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika chuo cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara ambao neno moja lilivuma mle kwa sekunde tano na nusu. Hakuna aliyejua dawa. Sabine alikuwa akisubiri usiku, kukiwa kimya, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kuipanga mle, kidogo kidogo, akipima kila mara sauti inachukua muda gani kufa. Kabla ya asubuhi anairudisha. Kutokana na kubeba mito huko ilizaliwa kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia hadi leo: ujazo wa ukumbi ukigawanywa kwa eneo la vitu vinavyonyonya sauti, ukazidisha kwa 0.16, unapata muda wa mvumo kwa sekunde. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa ushauri wake.

Yule bibi wa vitumbua alisikiliza hadithi yote, kisha akauliza, "Kwani magodoro hayafai?"

Sitaisahau Jumapili ile. Magodoro yalitoka nyumba kwa nyumba, kichwani, kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni: ya sponji, ya pamba, na yale mazito ya sufi ambayo siku hizi ni wazee tu wanayalalia. Watoto waliyapanga kwenye kuta wakishindana. Tulianza na kumi, tukapiga kofi. Ishirini, kofi. Kijana anasoma namba kwenye simu, mzee wa fidla amefumba macho anatikisa kichwa kabla namba haijasomwa, na wala hakukosea. Tulipofika magodoro 63 mvumo ulikuwa umeshuka hadi sekunde mbili hivi. Mzee akasema tunyamaze. Akampeleka mjukuu wake wa miaka minane jukwaani, akamwambia amsalimie bibi wa vitumbua aliyekaa ukuta wa nyuma kabisa.

"Shikamoo, Bibi," mtoto akasema, bila kupiga kelele.

"Marahaba, mwanangu."

Watu walipiga makofi, na kwa mara ya kwanza nilisikia makofi mle ndani yakikoma pale mikono ilipokoma. Jioni kila mtu alibeba godoro lake akarudi nalo nyumbani. Tuliobaki kwenye kamati tulikuwa tumeshajua kazi yetu.

Tulihitaji kitu kinene, chenye matundu, cha bei nafuu, kisichopaswa kurudi kitandani usiku. Kilikuwa kimetuzunguka maisha yetu yote. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche yake ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakapatikana mashamba yote tuliyokulia kandokando yake. Babu zetu waliukata, baba zetu waliubeba. Katika usindikaji zinabaki singa fupi zisizofaa kwa kamba, na hizo ndizo tulizonunua. Maseremala walitengeneza fremu za mbao zenye unene wa sentimita kumi, tukazijaza singa bila kuzishindilia, maana zikibanwa sana hewa haipiti na sauti hainyonywi. Tukazifunika kwa kitambaa cha marekani, na kuziacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili zishike na sauti nzito pia.

Hapa nawaomba wanaotaka kutuiga wawe makini. Singa kavu ni kuni. Watu wa sanaa nchini tunakumbuka ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo ulivyoteketea mwaka 2002. Singa zetu zote tulizichovya kwenye maji ya boraksi, tukazianika juani, kisha tukachukua shada moja lililochovywa na moja lisilochovywa, tukayawashia kiberiti uwanjani mbele ya watu. Lisilochovywa lilikwisha mara moja. Lililochovywa liliungua ncha likazima. Ambaye hajafanya jaribio hilo asitundike mkonge ndani ya ukumbi.

Ukuta wa nyuma ulipata fremu kwanza, kwa sababu huko ndiko sauti inakogonga na kurudi imechelewa. Sehemu ya dari iliyo juu ya jukwaa tuliiacha ngumu kwa makusudi, isukume sauti mbele. Kuta za pembeni tulizifunika nusu tu. Kuna watu walitaka tufunike kila mahali, na mzee wa fidla aliwakatalia akisema ukumbi uliokufa kabisa ni sawa na kupiga fidla ndani ya shimo. Hesabu za kijana zilikubaliana naye. Hadhira nayo inanyonya. Mtu mmoja aliyevaa nguo za kawaida ni kama kifremu kidogo kilichokaa kwenye kiti. Ukumbi ukijaa, mvumo wetu sasa ni kama sekunde moja na robo.

Mengine nayapitia haraka. Milango tuliigeuza ifunguke kwa nje. Vyoo vikajengwa, na nasema bila kusita kwamba vyoo vilileta kina mama wengi kuliko tangazo lolote. Juu ya dari tuliweka tabaka jingine la singa kwa ajili ya masika, maana mvua ya Tanga ikianza kwenye bati hakuna fidla inayoishinda. Nyuma ya jukwaa tulitenga vyumba viwili vya kubadilishia nguo, cha wanawake na cha wanaume. Pesa ilitoka kwenye spika: zile kubwa tuliziuza kwa hasara, na zile nilizouza mimi nilizirudisha nyumbani na kurejesha fedha zote. Sikuombwa. Sikuweza kuendelea kukaa kwenye vikao nikitazamana na wale watu.

Ratiba ndiyo iliyotusumbua kuliko ujenzi. Harusi zinalipa, mazoezi hayalipi. Ukiwaachia wenye harusi, ndani ya mwaka mmoja kituo cha sanaa kinakuwa ukumbi wa harusi wenye jina zuri. Kulikuwa pia na wazee wa pande zote, wa msikitini na wa kanisani, waliohofia kwamba tunaleta uhuni karibu na nyumba zao. Wao hatukubishana nao. Tuliwakaribisha, na leo watoto wa madrasa wanafanya mazoezi ya kaswida siku moja na kwaya siku nyingine, na walimu wao wanasalimiana mlangoni wakipokezana ufunguo. Harusi tuliziwekea mpaka: wikiendi mbili tu kwa mwezi. Nilipigia kura mpaka huo nikijua unakula mfuko wangu mwenyewe, kwa kuwa harusi ndizo zilizokuwa zikinikodi. Ni kweli, kipato changu kilipungua. Sasa sehemu ya kazi yangu ni kuzunguka kwenye shule na kumbi nyingine kuwapimia mvumo kabla hawajanunua chochote, na kuwafundisha vijana wetu wanne jinsi ya kukaa kwenye miksa mikono ikiwa mapajani. Hilo la mwisho ndilo gumu kulifundisha. Kijana akikaa kwenye mitambo anataka kugusa. Namwambia asikilize wimbo mzima kwanza.

Ilituchukua miezi saba kumrudisha mwimbaji wetu. Alikuwa na haki ya kukataa. Nilikwenda kwake mara mbili, na mara ya pili nilimpeleka mke wangu anisemee. Alikuja mchana kwanza, ukumbi ukiwa mtupu, akasimama jukwaani akaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini, halafu akanyamaza kusikiliza. Hakusema kitu. Alitabasamu kidogo akauliza onyesho ni lini.

Usiku ule nilifunga spika mbili ndogo tu, kwa ajili ya waliokaa pembeni, na maiki moja. Fidla, ganuni, akodiani na dumbaki vilipigwa bila umeme. Mzee wa fidla alicheza nyimbo mbili za mwanzo kisha akamwachia mwanafunzi wake. Katika wimbo wa pili, ubeti wa tatu, nilimwona mama mmoja wa safu ya nne akigeuza kichwa kama aliyeitwa. Akasubiri mstari urudiwe. Uliporudiwa akainuka, khanga ameitandaza mabegani, noti juu, akaenda mbele polepole huku safu ya pili ikianza kunong'onezana. Kabla hajafika jukwaani wa pili alishainuka, kisha watatu kwa pamoja. Mwimbaji aliurudia ubeti ule mara tano, na kila mara watu walipiga vigelegele pale pale kwenye neno lile lile. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nililia, na sikujificha.

Katika miji yetu mingi kuna ukumbi wa zamani uliofungwa kufuli au uliojazwa magunia, na siku moja watu watakaa kikao kuujadili kama tulivyokaa sisi. Nawaomba jambo moja. Kabla hamjachangisha hata shilingi, ufungueni mlango, simameni katikati, nyamazeni, mmoja wenu apige kofi, na wengine mhesabu. Ikizidi sekunde mbili, spika zisubiri. Leteni magodoro.